Jina langu lilikuwa la nne kwenye listi

Goma. Juma la kwanza la mwezi wa kumi na moja mwaka 2025, dada yangu mkubwa alinitumia sauti kwenye WhatsApp kutoka Marekani. Ilikuwa dakika nne, upepo ukivuma ndani na magari yakipita. Alisema: «Mdogo wangu, niko inje ya kanisa, nimesimama mulolongo wa chakula. Baridi iko kali. Mbele yangu kuko watu kama mia moja, na wazungu wamo. Usimwambie mama.»

Nilisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani anafanya mzaha, kwa sababu sisi huku tunajua Marekani ni mahali chakula kinatupwa. Mara ya pili nilikumbuka kwamba mwezi uliotangulia mimi mwenyewe nilimwandikia: «Yaya, dawa ya mama ya presha imeisha.» Alituma dola 80 bila kuuliza kitu. Niliziokota kwa mwenye kutoa pesa za simu, akakata sehemu yake kubwa, kwa sababu tangu mji wetu uingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa kwanza 2025, banki zimefungwa na noti zimekuwa adimu. Tulinunua dawa, na zilizobaki tukanunua unga na maharagi. Sasa namsikia yule aliyetununulia unga akiomba unga.

Ndugu msomaji, kazi yangu ni kuandika habari za watu wengine. Leo naomba uniruhusu niandike habari ya nyumba yetu, kwa sababu kuna jambo ndani yake linatuhusu wote: tofauti kati ya chakula unachopewa kwa huruma na chakula ambacho ni haki yako.

Dada yangu anaijua tofauti hiyo kuliko profesa. Mwaka 2008 alikuwa ameolewa upande wa Rutshuru. Vita vilipochacha alivuka Bunagana na mtoto mgongoni, akaishia kambi ya Nakivale, Uganda. Huko alikula kwa kadi ya PAM: unga wa mahindi, maharagi, mafuta, kila mwezi, na miezi mingine chakula kilipunguzwa bila mtu kueleza vizuri sababu. Mwaka 2016 akapelekwa Marekani pamoja na familia. Anafanya kazi ya usafi usiku. Mshahara unalipa nyumba, umeme na gari, lakini kwa watoto wanne hautoshi chakula cha mwezi mzima. Kwa hiyo Leta ya kule inamwongezea. Kila mwezi pesa ya chakula inaingia kwenye kadi inayofanana na ya banki. Programu hiyo inaitwa SNAP, lakini Wakongomani wa kule bado wanaiita kwa jina lake la zamani, «fudi stempu», tangu wakati wa tikiti za karatasi ambazo sheria yake ilipitishwa mwaka 1964.

Aliwahi kunieleza kitu kilichomfurahisha zaidi kwenye kadi ile. Anasema unaingia dukani kama mtu yeyote, unachagua vitu vyako mwenyewe, unapitisha kadi, unatoka. Muuzaji hakuulizi kabila lako, wala ulitoka kartye gani, wala ni nani alikuandika. Mtu aliyekula miaka minane kwa kusimama juani Nakivale akishikilia kadi yake isipeperuke, anajua thamani ya kutoulizwa.

Banki ya chakula ni jambo lingine. Nilijifunza kwa ajili ya makala haya. Ya kwanza ilianzia Marekani, mji wa Phoenix, mwaka 1967, kwa mtu anayeitwa John van Hengel. Aliona maduka makubwa yanatupa chakula kizuri wakati watu wana njaa. Akaweka depo: mwenye ziada analeta, mwenye kukosa anakuja kuchukua. Leo depo kubwa zinakusanya kwa wakulima, viwanda na maduka, kisha zinagawia makanisa na vyama vidogo, ambavyo ndivyo vinawapa watu mkononi. Ni kazi nzuri sana. Lakini ni ndogo kuliko tunavyofikiri. Feeding America, mtandao mkubwa wa banki hizo, wenyewe wanasema kwamba kwa kila mlo mmoja unaotoka kwao, kadi ya Leta inatoa milo tisa.

Sasa utaelewa kilichotokea. Tarehe 1 mwezi wa kumi 2025, wanasiasa wa Marekani walikosa kuelewana juu ya bajeti, ofisi nyingi za serikali zikafungwa mpaka tarehe 12 mwezi wa kumi na moja. Karibu watu milioni 42 walikuwa wanakula kwa kadi ile. Mwezi wa kumi na moja ulipoanza, kadi ya dada yangu haikuingia kitu. Wale wa milo tisa wote wakageukia mlango wa mlo mmoja. Ndiyo mulolongo ule niliousikia kwenye simu.

Uingereza nayo ilipitia njia kama hiyo, pole pole zaidi. Mwaka 1942, katikati ya vita, ripoti ya Beveridge iliitaja ufukara kuwa moja ya maadui watano ambao Leta inapaswa kuwashinda. Wakajenga bima, pensheni na matibabu. Mwaka 2000, banki ya chakula ya Trussell Trust ikafunguliwa kwenye mji wa Salisbury, ndani ya kibanda cha bustani. Leta ilipozidi kukata misaada na kuwachelewesha watu, banki zile ziliongezeka, mpaka mwaka ulioisha mwezi wa tatu 2024 mtandao huo mmoja uligawa vifurushi zaidi ya milioni 3. Hakuna aliyepiga kura kwamba kanisa lichukue kazi ya Leta. Ilikuja kidogo kidogo, kila mwaka mulolongo ukiongezeka, na watu wakauzoea.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nikajiuliza: sisi tuko upande gani? Na hapo ndipo nilikumbuka Sake.

Wengi wenu mnakumbuka Siku ya Posho tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipotapika moto usiku. Lava ilifika Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Alhamisi tarehe 27, gavana wa kijeshi akaamuru kartye 10 za mji zihame. Watu mamia ya elfu wakatoka kwa siku moja: wengine Gisenyi, wengine kwa boti kwenda Bukavu, na wengi kwa mguu njia ya Sake. Sisi tulikuwa wa Sake. Mama anaumwa magoti, kwa hiyo tulimpandisha juu ya chukudu ya jirani, pamoja na magodoro na sufuria. Kilometa kama 25. Nilikuwa na mikrofoni ya redio ndani ya mfuko, na nilikuwa naituma sauti kila nilipopata reseau, lakini mimi pia nilikuwa mkimbizi.

Tulilala ndani ya darasa la shule, familia saba. Upande wa dirisha kulikuwa na mama mmoja na mapacha wake wasiofika mwaka. Mume wake alikuwa ameelekea mahali pengine wakati wa kukimbia, simu yake haipatikani. Usiku mapacha walilia, na mama yangu ndiye aliyekuwa anamsaidia kubeba mmoja.

Siku ya tatu ikasikika kwamba shirika moja litagawa chakula. Machefu wa avenyu waliokuwa wamekimbia pamoja nasi wakaambiwa waandike watu wao. Wetu alinijua. Aliponiona akasema: «Mesieu wa redio, wewe hutasumbuka, tayari nimekuandika.» Nikaangalia karatasi. Jina langu lilikuwa la nne. Nilikuwa sijaomba. Lakini pia sikukataa. Nilijiambia ni kwa ajili ya mama.

Yule mama wa mapacha alikuwa wa kartye nyingine. Chefu wake hakuwa Sake. Alikwenda kwa chefu wetu, akaambiwa: «Mama, siwezi kuandika mtu nisiyemjua, watasema nauza jetoni.» Akaenda kwa mtu wa shirika, naye akamwambia: «Mama, sisi tunafuata listi ya machefu.» Wote wawili walikuwa na sababu, na mapacha hawakuwa na unga.

Saa tisa nilipokea: unga, maharagi, mafuta, chumvi. Nilipofika darasani nilichota kopo mbili za maharagi na kopo moja ya unga, nikampelekea. Nilikuwa najisikia mtu mzuri. Alipokea kwa mikono miwili, akasema asante, kisha akaniangalia na kuniuliza kwa sauti ya chini:

«Baba, unanipa chako ao changu?»

Sikuwa na jibu. Mama yangu alikuwa anasikia, akainamisha kichwa.

Sijamaliza. Jioni ile nilituma habari redioni. Nilisema kwamba ugawaji wa chakula huko Sake «umefanyika katika utulivu» na kwamba wakimbizi wanashukuru. Sikusema neno juu ya listi. Ningesemaje, na jina langu ni la nne? Habari ile ilipita mara tatu, na mkubwa wangu akanipongeza. Ni miaka zaidi ya minne sasa, na ninaandika hapa kile nilichopaswa kusema usiku ule.

Jibu la swali la yule mama ni kwamba kilikuwa chake. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya na ya kuwa na chakula cha uhakika inalindwa. Haisemi inalindwa kwa wale wanaojulikana na chefu. Lakini kati ya kifungu hicho na sufuria ya mama wa mapacha, hakuna ofisi wala kadi, hakuna hata dirisha la kwenda kugonga. Kuna mfuko wa CNSS, ambao ni wa wafanyakazi wenye mkataba na mwajiri anayelipa. Mama anayeuza sambaza Kituku hana mkataba. Mbebaji wa chukudu hana mwajiri. Hao ndio wengi wa mji huu.

Kwa hiyo nafasi ya Leta imejazwa na PAM, na PAM haina ghala lisilokauka. Mwaka 2024 Marekani peke yake ililipa karibu asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu nchini mwetu. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ikafunga mkono. Wakati huo huo vita vikafika mjini. Maghala ya chakula yakaporwa. Bukavu peke yake PAM ilisema tani 7,000 zimeondoka. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Kambi za wakimbizi zilizozunguka mji zikavunjwa, watu wakarudi vijijini wasikokuta mavuno. Mwezi wa tatu mwaka huo, PAM na FAO walihesabu watu milioni 28 wenye njaa kali Congo nzima. Basi banki yetu kubwa ya chakula ilikuwa na mtoaji mmoja mkubwa, na mtoaji huyo hachaguliwi na sisi, hatuwezi kumwita bungeni, hata barua yetu haimfikii.

Kuna rafiki aliyesoma rasimu ya makala haya akaniambia: «Lakini sisi tuna familia. Wazungu wanahitaji banki kwa sababu hawana ndugu.» Ni kweli kwamba wengi waliokimbia hawakulala kambini, walilala kwa ndugu na kwa watu wasiowajua kabisa. Nimeona nyumba ya vyumba viwili yenye watu kumi na nne wanaokula bugali na sombe mara moja kwa siku, na hakuna aliyefukuzwa. Kuna likelemba za akina mama, kuna sahani ya Jumapili parokiani. Mimi nayaheshimu hayo kuliko mtu yeyote, kwa maana yametulisha. Lakini familia inamgawia ndugu kutoka kwenye kidogo chake, na njaa ikiingia, inaingia kwa wote siku moja. Na familia nayo ina listi yake. Mjane asiye na ukoo mjini, mtoto aliyeitwa mchawi, mgeni wa kabila lingine, hao wako wapi kwenye listi ya familia?

Tena huyo rafiki anasahau kwamba ndugu wa mjini wamelishwa na nani. Nilipiga hesabu ya nyumba yetu. Kwa kuwa kadi ya Leta ilikuwa inalisha watoto wa dada yangu, mshahara wake uliweza kubakiza dola za kutuma Goma. Kwa njia ndefu, mlipa kodi wa Marekani asiyejua Goma iko wapi amekuwa akimnunulia mama yangu dawa ya presha. Kadi ilipokauka kule, unga ukapungua huku.

Sitaki mseme namsifu mzungu. Dada yangu ana jirani, mama wa Kongomani pia, aliyefika Marekani mwezi wa kumi na mbili 2024 kama mkimbizi, juma chache kabla ya mlango wa wakimbizi kufungwa. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 mwezi wa saba 2025 imewaondoa wakimbizi kwenye kadi ya chakula mpaka wapate karatasi za ukaaji wa kudumu. Kwa huyo mama, hata serikali ilipofunguka tena, kadi ilikuwa hatarini kufutwa. Banki ya kanisa ndiyo imebaki. Kwa hiyo haki iliyoandikwa, watu wale wale walioiandika wanaweza kuifuta kwa kalamu.

Hata hivyo angalia tofauti. Yule jirani anajua nani amemfuta, tarehe gani, kwa sheria gani. Kuna vyama vinavyopinga kwa niaba yake, kuna majaji, kuna uchaguzi. Yule mama wa Sake alifutwa na nani? Si chefu, si shirika, si gavana. Ukitafuta wa kumshitaki humpati. Ndiyo maana sisi tunaishia kumshitaki jirani: tunasema chefu ameuza jetoni, watu wa kabila fulani wamependelewa, kambi fulani inapata zaidi. Nimeripoti ugomvi wa ginsi hiyo mara nyingi, na mara nyingine damu ilimwagika kwa mfuko wa unga.

Wengine watasema Leta yetu haiwezi. Mimi nina mfano unaonizuia kukubali. Mwezi wa tisa 2019, shule ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bure, watoto walijaa madarasa mpaka wakakaa chini. Walimu walilalamika, na walikuwa na haki, madarasa hayakutosha. Lakini asubuhi ile hakuna mtoto aliyeulizwa jetoni. Alikuwa mtoto, ilitosha. Chakula cha mtoto kinaweza kufikiriwa kwa njia hiyo hiyo: kuanzia kwenye shule, kwa mfano, sahani moja ya mchana kwa kila aliye darasani, kutoka kwa wakulima wetu wa Masisi na Rutshuru siku amani itakapowaruhusu kulima.

Mpaka siku hiyo, kuna mambo madogo yasiyongojea Kinshasa wala amani. Listi yoyote ya chakula isomwe hadharani na ibandikwe ukutani siku mbili kabla ya ugawaji. Pawepo na meza moja ya waliokosa kuandikwa, yenye mtu asiyekuwa chefu, na sehemu ya chakula iwekwe kando kwa ajili ya meza hiyo. Mwenye cheo, mchungaji na mwandishi wa habari waandikwe mwisho. Na sisi wa redio tuache kusema «katika utulivu» kabla ya kwenda kuuliza wale walio inje ya kamba. Kwa upande wangu, nimeanza: nikifika mahali pa ugawaji, mtu wa kwanza ninayempa mikrofoni ni yule anayeondoka mikono mitupu. Baadhi ya mashirika hayajafurahi, na mara moja nilikatazwa kuingia.

Yule mama sikumwona tena. Tuliporudi mjini mwezi wa sita 2021, kila mtu alishika njia yake, na mimi sikuwa nimeuliza hata jina lake. Jina langu yeye alilijua, kwa sababu lilisomwa la nne.

Nilimjibu dada yangu usiku ule ule. Nilimwambia: «Yaya, mwezi huu usitume kitu, na usiwe na wasiwasi, tutajipanga.» Akanyamaza siku mbili. Kisha ikaja sauti fupi, na safari hii alikuwa anacheka: kanisa limempa macaroni, maziwa, siagi ya karanga na makopo kumi ya maharagi meusi, watoto wamekataa maharagi, yeye anayala peke yake. Mwishoni akasema: «Halafu wewe, utajipanga na nini? Mama atakula mikrofoni?»

Siku iliyofuata dola 30 ziliingia kwenye simu. Sikuzirudisha. Mama alipouliza zimetoka wapi, nilimwambia ukweli wote, mulolongo na baridi. Alikaa kimya, halafu akaniomba simu, akarekodi sauti yake ya kwanza maishani kwenye WhatsApp. Alimwambia binti yake achemshe maharagi yale na kitunguu kingi na mafuta ya mise, watoto watakula.